UZI: Kebo za DC za XLPE, tofauti ya joto ndani ya kihami, na chaji zinazokwama

Mhandisi_Kebo (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Fundi aliyezoea kebo za AC (umeme unaogeuka mwelekeo) akihamia DC (umeme wa mwelekeo mmoja) huja na fikra mbili. Ya kwanza, uga wa umeme (volteji kwa kila milimita ya kihami) ulio mkali kuliko wote uko kwenye kondakta. Ya pili, joto la kuogopa ni lile la juu kabisa la kondakta. Kwenye DC zote mbili zinaweza kukupoteza. Kinachoamua uga ukae wapi ni tofauti ya joto kati ya uso wa ndani na uso wa nje wa kihami.

Tuchukue kebo ya 320 kV, kondakta ya shaba ya 1,600 mm². Nusu kipenyo ya uso wa ndani wa kihami ni 25 mm, ya uso wa nje 43 mm, yaani XLPE (polithini iliyounganishwa kwa kemikali) ya unene wa 18 mm. Ukiiwasha ikiwa baridi, uga unagawanywa na umbo la kebo tu: E = V / (r · ln(43/25)), na hiyo ln ni 0.542. Unapata 23.6 kV/mm kwenye kondakta na 13.7 kV/mm kwenye skrini ya nje (tabaka linalopitisha umeme, lililounganishwa ardhini). Hadi hapo ni kama AC.

Sasa ipe mzigo. Ukinzani wa joto wa XLPE huchukuliwa kuwa 3.5 K·m/W, kwa hiyo kihami cha vipimo hivi kina kama 0.30 K·m/W. Kondakta ikiwa na 70 °C na ikibeba takriban 1,900 A, inatoa karibu 50 W kwa kila mita. Zidisha: 15 °C zinabaki kati ya kondakta na skrini ya nje.

Upitishaji umeme wa XLPE hupanda kwa e^(α·ΔT), ΔT ikiwa ni tofauti ya joto, na α ni karibu 0.1 kwa kila °C. Tofauti ya 15 °C maana yake upande wa kondakta unapitisha mara 4.5 zaidi ya upande wa nje. Mkondo wa kuvuja unaovuka kila tabaka ni uleule, hauwezi kupotelea njiani, kwa hiyo tabaka linalopitisha kidogo ndilo linalobeba uga mkubwa. Mambo yakitulia unapata 10.2 kV/mm kwenye kondakta na 26.5 kV/mm kwenye skrini ya nje. Uga umegeuka nje-ndani, na huko nje umezidi hata ule wa mwanzo wa kondakta.

Mpaka wa kugeuka ni rahisi kuukumbuka: uga unakuwa sawa kila mahali pale α·ΔT inapolingana na ln(ro/ri), yaani nusu kipenyo ya nje kwa ya ndani. Kwa kebo hii ni 0.542 gawanya kwa 0.1, yaani 5.4 °C, na uga unakuwa 17.8 kV/mm kuanzia ndani hadi nje. Kwa mzigo, hiyo ni kama 1,150 A. Chini ya hapo kondakta inaongoza, juu ya hapo skrini ya nje inaongoza.

Karibuni.

---

Nyaya_za_Pwani

Mkuu hesabu imeeleweka, lakini chaji ziko wapi hapo? Umetaja upitishaji tu, mara uga umehama.

---

Mhandisi_Kebo

Uga hauwezi kuhama bila chaji, mkuu. Ni kitu kimoja kikitazamwa pande mbili. Katika hali tulivu ρ = J · d(ε/σ)/dr: ρ ni chaji kwa kila mita ya ujazo, J ni mkondo wa kuvuja, σ ni upitishaji, na ε ni uwezo wa plastiki kuhifadhi chaji. Kama σ ni ileile kila mahali, ρ ni sifuri. Ikiwa σ inapungua ukielekea nje, ε/σ inaongezeka, na chaji inayobaki ndani ya plastiki inakuwa na ishara ileile ya kondakta. Kondakta chanya, chaji chanya. Hiyo ndiyo inayoukandamiza uga kwenye kondakta na kuukuza nje.

Ukubwa wake ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mfano wangu ni kama 0.023 C/m³ karibu na kondakta na 0.035 C/m³ karibu na skrini. Lakini imetandazwa kwenye 18 mm nzima, ndiyo maana inafua dafu.

Kipimo cha haraka cha kichwani: 1 C/m³ kwenye tabaka la 1 mm inabadilisha uga kwa karibu 49 kV/mm, ukichukua ε ya mara 2.3 ya ile ya ombwe. Kwenye tabaka la 0.1 mm ni 4.9. Ukiona grafu ya mtu ina 5 C/m³ kwenye upana wa milimita nzima, muulize kwanza kebo ilinusurikaje.

---

Mama_Volti

Mhandisi, umeiacha β nje, ile namba inayoonyesha upitishaji unavyopanda na uga. Upitishaji wa polithini hautegemei joto peke yake, unapanda na uga pia, na hilo linapunguza makali ya picha yako.

Kanuni ya Eoll inaingiza vyote viwili. Chukua σ = σ0 · e^(αT + βE), halafu tengeneza kipeo δ:

δ = [α·ΔT / ln(ro/ri) + β·Em] / (1 + β·Em)

Em ni uga wa wastani, 320/18 = 17.8 kV/mm. Bila β, δ ni 2.77 na unarudi kwenye 26.5 yako. Weka β ya 0.1 mm/kV, β·Em inakuwa 1.78 na δ inashuka hadi 1.64. Hapo skrini ya nje inapata 20.7 kV/mm na kondakta 14.7. Bado umegeuka, ila kwa upole.

Sababu iko wazi: mahali uga unapozidi, plastiki inapitisha zaidi na kujipunguzia mzigo yenyewe. Kwa hiyo anayenunua kebo asiridhike na α pekee. Aombe α na β zilizopimwa kwenye plastiki hiyohiyo baada ya kutolewa gesi (mabaki ya kemikali za kuiunganisha), kwa joto tatu au nne kati ya 20 na 90 °C, na kwa uga kuanzia 5 hadi 30 kV/mm au zaidi, huku mkondo ukisubiriwa utulie. Mkondo uliosomwa baada ya dakika 1 si upitishaji, ni plastiki inajipanga tu. Kwenye 20 °C unaweza kusubiri siku nzima na mkondo bado unashuka.

---

Nyaya_za_Pwani

Asante Mama. Na "mambo yakitulia" ni muda gani hasa? Saa? Wiki?

---

Mama_Volti

Muda unaamuliwa na τ = ε/σ, na ε ya XLPE ni karibu 2.04 × 10⁻¹¹ F/m. Tuseme σ ni 10⁻¹⁶ S/m kwenye 20 °C: τ ni saa 57. Kwa α ya 0.1, kwenye 70 °C σ imepanda mara 148 na τ ni dakika 23. Kwenye 55 °C, upande wa nje wa kebo ya Mhandisi, ni saa 1 na dakika 40 hivi. Kutulia kabisa kunataka τ kadhaa, hivyo hesabu saa za mchana mmoja, na zaidi ikiwa mzigo unapanda na kushuka.

Angalia jambo moja ambalo watu hulichanganya. Joto la wastani haliamui uga unavyogawanyika, linaamua kasi tu. Ardhi ya Dar es Salaam au Mombasa yenye joto haiupindui uga zaidi ya ardhi ya Ulaya ikiwa mkondo ni uleule, kwa kuwa ΔT inaletwa na wati zinazopita kwenye kihami, basi. Itafika hali tulivu mapema zaidi. Kinachobanwa na ardhi ya joto ni amperi unazoruhusiwa kabla kondakta haijafika 70 °C.

---

Kipimajoto

Nyongeza hapo: kwa nini AC haina habari hizi. Kwenye 50 Hz nusu mzunguko ni milisekunde 10. τ ni dakika hadi siku. Chaji haina muda wa kujikusanya, na uga unagawanywa na ε, ambayo haibadiliki sana na joto. Ndiyo maana kebo ya AC ya 132 kV inayopita baharini kwenda Unguja (Ras Kiromoni hadi Fumba) haihusiki na hesabu ya juu hata ikiwa na mzigo kamili.

---

Bonde_la_Ufa

Wadau, salamu kutoka Kenya. Laini ya 500 kV DC kutoka Wolayta-Sodo (Ethiopia) hadi Suswa je? Hiyo ni DC na ina mzigo mzito.

---

Kipimajoto

Ile ni ya nguzo, ndugu, zaidi ya kilomita 1,000 za nyaya hewani. Kihami chake ni hewa na vikombe, hakuna XLPE ya kupitishiwa joto. Hata ile ya Inga kwenda Kolwezi kule Kongo ni hivyohivyo. Suala hili linajitokeza ndani ya kituo: vipitishio (bushing) vya ukutani na vya transfoma za kubadilishia umeme, ambako kondakta ya moto inapita katikati ya karatasi na epoksi. Huko nako upitishaji unategemea joto, na fizikia ni hiihii.

---

Mhandisi_Kebo

Bonde, swali lako linanifikisha nilikotaka. Laini ya Suswa ni ya thairista, ile teknolojia ambayo ukitaka nguvu irudi upande wa pili unageuza ishara ya volteji, mkondo unabaki mwelekeo uleule. Hebu tuione kebo yangu ikifanyiwa hivyo.

Imekaa na +320 kV na mzigo kamili mpaka imetulia. Kwenye kondakta, umbo la kebo linataka 23.6 na kilichopo ni 10.2. Tofauti, hasi 13.4, ni kazi ya chaji. Geuza volteji kwa sekunde chache. Mchango wa umbo unageuka papo hapo kuwa hasi 23.6. Chaji hazijui kama volteji imegeuka, zinahitaji dakika 23 na zaidi kuhama, kwa hiyo mchango wao unabaki hasi 13.4. Jumla: 37 kV/mm kwenye kondakta. Skrini ya nje, ambayo ilikuwa na 26.5, inabaki na chini ya 1.

Hiyo 37 haipo kwenye karatasi yoyote ya usanifu inayogawanya volteji kwa unene. Ndiyo sababu kebo za plastiki zilichelewa kwenye mifumo ya thairista, kihami cha karatasi iliyoloweshwa mafuta kikaendelea kutawala. Vituo vya transista vilipokuja, nguvu inarudishwa kwa kugeuza mkondo, ishara ya volteji haiguswi. Kebo ya Gotland kule Uswidi, 1999, 80 kV, ilipita mlango huo. Leo XLPE ya 400 kV iko kati ya Uingereza na Ubelgiji tangu 2019, na za 525 kV zipo sokoni. Japani nao walikwenda njia ya kuongeza chembe ndogo ndani ya XLPE zinazozuia chaji zisisafiri, wakaitumia kwenye kebo ya 250 kV kati ya Hokkaido na Honshu, ambako volteji inageuzwa.

Masharti ya majaribio ya CIGRE (shirika la kimataifa la wahandisi wa mifumo ya umeme) yanafuata mantiki hiyo. Jaribio la aina (la kuidhinisha muundo wa kebo) linapandisha volteji hadi mara 1.85 ya U0 (volteji ya kawaida kati ya kondakta na ardhi) huku kebo ikipashwa moto angalau saa 8 na kuachwa ipoe angalau saa 16. Kwa mfumo wa thairista inaongezwa mizunguko ya kugeuza ishara kwa mara 1.45. Ukinunua kebo iliyojaribiwa kwa mfumo wa transista, usiichomeke kwenye thairista kwa sababu tu volteji zinalingana.

---

Kisahani

Wakuu, nina swali la maabara. Tunataka kupima kwa PEA kwenye vipande bapa vya XLPE vyenye ΔT. Kifaa kipo, kimezoea joto la chumba. Tuanzie wapi, na tuangalie nini?

---

Sauti_ya_Alumini

Karibu Kisahani. Kwa wasioijua: PEA inapiga pulsi fupi ya umeme kwenye kipande, kila tabaka la chaji linashtuka na kutoa wimbi la sauti, wimbi linasafiri kupitia bamba la alumini hadi kwenye utando wa PVDF (plastiki inayogeuza wimbi la sauti kuwa umeme), na oskiloskopu inasoma. Muda wa kufika unakuambia chaji iko wapi, ukubwa wa wimbi unakuambia ni kiasi gani.

Kipande kwanza. Unene wa 0.3 hadi 0.5 mm, upana angalau 60 mm ili umeme usiruke pembeni. Kwa XLPE yenye peroksidi ya dikumili, yeyusha kwenye 120 °C mpaka ijae kalibu, ndipo upandishe hadi 180 °C chini ya shinikizo kwa dakika 10 hadi 15. Ukianza moja kwa moja na 180, itaungana kabla haijatandaa na utapata mabaka. Halafu itoe gesi: ovyoovyo hapa na kipimo kizima kinaharibika. Oveni ya ombwe, 80 °C, siku 3 hadi 5, upime uzito kwa mizani ya 0.1 mg mpaka vipimo viwili vya siku mbili tofauti vilingane.

Pulsi ya nanosekunde 10 inatosha. Kwenye polithini sauti inakwenda karibu 2,000 m/s, kwa hiyo nanosekunde 10 ni ukungu wa 20 µm, na kipande cha 0.3 mm kinavukwa kwa nanosekunde 150. Bamba la alumini la 10 mm linachelewesha wimbi kwa mikrosekunde 1.6, muda wa kutosha kelele ya pulsi ife kabla ishara haijafika. Usilipunguze bamba hilo ili "kuokoa ishara". Elektrodi ya juu iwe ya semikoni (plastiki yenye kaboni inayopitisha umeme kiasi), si chuma kitupu, la sivyo wimbi linagonga na kurudi. Tone dogo la mafuta ya silikoni kila mgusano, na usiache pumzi ya hewa.

Joto sasa. Upande wa moto uwe wa volteji ya juu, upande wa baridi uwe alumini, kwa kuwa PVDF inaanza kupoteza nguvu ukiikaribia 80 °C. Zungusha mafuta ya silikoni yenye joto kwenye elektrodi ya juu na maji kwenye bamba la chini. Usivute waya wa thamokapo kutoka upande wa volteji ya juu hadi kwenye kompyuta. Tumia nyuzi za mwanga, au pima joto la mafuta yanapoingia na kutoka.

Kuna mtego ambao hauonekani kwenye picha ya kifaa: ΔT unayoiweka siyo ΔT kinayoipata kipande. Semikoni ya 1 mm juu ya kipande cha 0.3 mm, zote zikipitisha joto karibu sawa, maana yake kipande kinapata 0.3 gawanya kwa 1.3, asilimia 23. Umeweka mafuta 70 na bamba 30, kipande kina 9 °C tu. Hata kama semikoni yako inapitisha joto mara mbili zaidi, unapata 15. Tumia semikoni nyembamba iwezekanavyo, na andika ΔT iliyohesabiwa kwenye kipande, si ya mafuta.

Kasi ya sauti nayo inashuka kadiri plastiki inavyopata moto. Upande wa moto una kasi ndogo, upande wa baridi kubwa, kwa hiyo mhimili wa umbali unapindika. Rekebisha kwa kupima kasi kwenye joto moja moja (25, 40, 55, 70 °C), kwa kugawanya unene kwa muda kati ya vilele viwili vya elektrodi, halafu ujenge mhimili tabaka kwa tabaka. Kwenye kila joto hilo fanya pia ulinganifu wa ukubwa: volteji ndogo, 3 kV kwenye 0.3 mm, usome ndani ya sekunde chache kabla chaji hazijaingia. Uga unaujua, 10 kV/mm, kilele cha elektrodi ya chini lazima kilingane nao.

Kisha 30 kV/mm kwa saa 3, ukisoma wastani wa mawimbi 1,000 au zaidi kila mara, halafu fupisha elektrodi (ziunganishe moja kwa moja) na uendelee kusoma saa 1 nyingine.

---

Kisahani

Nondo hizi mkuu, asante. Na tutajuaje kama grafu tuliyopata ni ya kweli na si kifaa kinatudanganya?

---

Sauti_ya_Alumini

Jumlisha uga kutoka elektrodi hadi elektrodi. Lazima upate volteji uliyoweka. Umeweka 9 kV ukapata 7.8, kuna wimbi limefifia njiani na hujalirejesha. Ukifupisha elektrodi, jumla iwe sifuri. Jaribio hili halina gharama na ajabu ni jinsi linavyorukwa.

Dalili nyingine: kilele cha elektrodi ya mbali kikiwa kifupi na kipana kuliko cha karibu, huo ni ufifiaji wa sauti. Vilele vidogo vinavyofuatana baada ya kilele cha kwanza, kwa umbali uleule kila kipande unachobadilisha, ni saketi ya pulsi inayotikisika: angalia ohm 50 mwisho wa waya. Chaji ya kweli inabadilika na muda na inabaki volteji ikizimwa. Ya kifaa inakuja na kuondoka na volteji.

---

Mhandisi_Kebo

Naongezea kwa Kisahani: usilinganishe ρ ya kipande chako na ρ ya kebo. ρ inayoletwa na joto ni ε·E·α mara mteremko wa joto. Kwenye 0.5 mm yenye 30 °C na 30 kV/mm unapata 3.7 C/m³. Kebo yangu ina 0.03. Tofauti ya zaidi ya mara 100, na plastiki ni ileile. Kinachofanana ni α·ΔT. Kwa kipande bapa uga wa upande wa baridi ni Em · α·ΔT / (1 − e^(−α·ΔT)). α·ΔT ya 1.5 inakupa mara 1.93 ya wastani. Ya 3 inakupa mara 3.2, na hapo umeshatoka kwenye hali ambayo kebo yoyote itaiona, elektrodi zinamwaga chaji zao wenyewe ndani.

---

Mama_Volti

Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha vitu viwili vinavyochanganywa. Chaji ya mteremko wa joto ni laini, imetandaa, ina ishara ya elektrodi ya moto. Kisahani akiona rundo jembamba karibu na elektrodi ya baridi lenye ishara tofauti na elektrodi hiyo, joto pekee huwa si mshukiwa wa kwanza. Mara nyingi ni mabaki ya peroksidi: asetofenoni, alkoholi ya kumili, alfa-methilistireni. Yakikutana na unyevu yanatoa ayoni, ayoni chanya zinakwenda kwa hasi na hasi kwa chanya, zinajibana hapo na kuukuza uga kwenye elektrodi zote mbili. Methani inatoka haraka, hizo nzito ndizo zinazobaki. Njia ya kuthibitisha: kipande kimoja kilichotolewa gesi, kimoja hakijatolewa, kutoka bamba moja. Rundo likipotea kwenye cha kwanza, umempata mhalifu.

Kiwandani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu muda wa gesi kutoka unakua na mraba wa unene. Kipande cha 0.5 mm kinamaliza upesi, ukuta wa 18 mm unachukua wiki kwenye chumba cha moto. Na pakiti ya kebo kwenye ngoma haipati moto sawasawa: tabaka za ndani zinachelewa. Kebo ikipelekwa haraka, ukuta wa ndani karibu na kondakta ndio unaobaki na asetofenoni nyingi.

---

Fundi_33

Wakuu mmepanda juu sana. Sisi tuna kebo za XLPE za 33 kV za miaka mingi chini ya ardhi, na kifaa cha kupimia kilichopo ni cha DC. Baada ya kuunganisha jointi tunapiga 76 kV dakika 15, inapita, tukiwasha baada ya siku chache inalipuka mita kadhaa mbali na jointi. Inahusiana?

---

Mama_Volti

Inahusiana sana, fundi. 76 kV ni mara 4 ya U0 ya 19 kV, ile ya masharti ya IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme) kwa kebo mpya. Ukuta ni 8 mm, wastani wa uga ni 9.5 kV/mm na kwenye kondakta unafika kama 13. Polithini huanza kushika chaji kwa wingi kwenye 10 hadi 20 kV/mm, hivyo umeigusa. Kebo ya zamani yenye miti ya maji (madoa ya unyevu yanayochanua ndani ya plastiki kama matawi) inashika zaidi, kwenye ncha za hiyo miti. Unarudisha AC, kilele cha 27 kV kinapanda juu ya chaji iliyokwama, na ncha ya mti wa maji inageuka kuwa mti wa umeme, yaani ufa unaoitoboa plastiki. DC yenyewe ilipita kwa sababu haikuupima mti huo, iliupakia chaji.

Kodi au azima kifaa cha VLF (AC ya masafa ya chini sana) cha 0.1 Hz: mara 3 ya U0, yaani 57 kV, dakika 15 kwa kebo mpya. Kwa ya zamani wengi hushuka chini ya hapo na kuongeza kipimo cha tan delta (upotevu wa nishati ndani ya kihami). Ikishindikana kabisa, iwashe kwa U0 bila mzigo saa 24. Mega (kipima ukinzani wa kihami) ya 5 kV haina neno: 5 kV kwenye 8 mm ni 0.6 kV/mm tu.

---

Kipimajoto

Kwa wa DC halisi, jointi ndiyo pa kuangalia kuliko kebo. XLPE ndani, raba ya EPDM nje, mkondo mmoja unavuka mpaka. Tuseme kwenye joto fulani EPDM inapitisha mara 10 ya XLPE. XLPE ina 20 kV/mm, EPDM itabaki na 2, na mpakani zitajikusanya chaji za takriban 3.5 × 10⁻⁴ C/m², hasi kama kondakta ni chanya. Joto likibadilika na uwiano ukageuka, chaji nazo zinageuka ishara. Kwa hiyo mchora jointi lazima awe na α na β za vifaa vyote viwili kwenye mhimili mmoja wa joto, kuanzia baridi ya kuwashia hadi mzigo kamili. Jointi ya AC iliyofunikwa vizuri na kubandikwa nembo ya DC haitoshi.

---

Fundi_33

Nimekupata Mama. Na kama DC imeshapigwa, kuunganisha ardhini muda gani kunatosha?

---

Mama_Volti

Desturi ni angalau mara 4 ya muda wa jaribio, na hiyo inamlinda mtu anayeshika ncha. Chaji za ndani ni habari nyingine. Ukifupisha kondakta na ardhi, volteji inasoma sifuri lakini uga ndani haujafa, na ukifungua baada ya dakika 5 volteji inapanda tena yenyewe. Kwenye 25 °C zinaweza kubaki siku mbili au tatu.

Kama una haraka, iache imefungwa ardhini na uipashe moto. Kwenye kituo cha majaribio inafanywa kwa transfoma ya pete inayosukuma mkondo ndani ya kitanzi cha kebo bila volteji: 60 °C kwenye kondakta kwa saa kadhaa, skrini zote ardhini. Uipashe taratibu na kwa muda mrefu ili ΔT iwe ndogo, la sivyo upande wa nje unabaki baridi na chaji zake zinabaki nao. Uwanjani usipokuwa na transfoma hiyo, iache ardhini siku hizo mbili au tatu ndipo uiwashe.